Mstari Mwembamba wa Kijivu

Kasongo, tarehe 12 Februari 2024

Kwako Mama Consolée wa posti yetu ya Kabambare, jambo sana,

Barua yako nimeipata na moto wake wote. Nilitaka kuisoma nimeketi, lakini nikaona heshima ya mutu anayegombezwa ni kusimama, basi nikasimama. Fabrice, mtangazaji wetu, akauliza: «Papa Ruphin, wamepiga wimbo wa taifa?» Nikamwambia aangalie kipaza sauti chake.

Ni kweli. Komunike, lile tangazo la kilio cha Mzee Assumani, haikusomwa. Watu walikuletea wewe, wewe ukaiandika na kuituma kwangu, na kazi yangu ilikuwa ndogo tu: kuipokea, kuichapa, kumpa Fabrice aisome hewani. Watoto wa Mzee, kule Nyangwe, walikaa karibu na redio kama kila siku. Wakasikia habari ya mbuzi aliyepotea, wakasikia kikao cha wazazi wa shule, wakasikia Mama Victoire akimjulisha mume wake kwamba amejifungua salama. Habari ya baba yao hawakuisikia. Walipofika Kabambare, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Usifikiri jambo hili ni jepesi kwangu. Nimekulia Nyangwe. Wale watoto niliwaona wakijifunza kuogelea.

Lakini, dada yangu, usinitundike bado. Jenereta ilizimika saa ile ile nilipokuwa ninapokea barua, na mashini yangu, hii kompyuta, unaijua tabia: isipoangaliwa, inameza.

Direkta Alain hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alisema polepole tu: «Papa Ruphin, ikipotea nyingine, kwenye meza hii atakaa Fabrice.» Fabrice ana sauti nzuri, ana meno mazuri, ana kila kitu isipokuwa meza yangu. Mimi nikitoka hapa, iko nyumba moja tu inayoningoja, ya mdogo wangu kule Lusangi. Huko watanipa kiti kizuri na chakula kwa wakati wake, na hakuna mutu ataniuliza neno lolote mpaka nife. Tangu mke wangu afariki, meza hii ndiyo inayonitoa kitandani. Kula ugali mbaya niliosonga mwenyewe ninaweza. Kukaa bila kuitwa na mutu, hapana.

Waombe radhi familia kwa niaba yangu. Nami uniombee radhi kwako mwenyewe.

Ninayegombezwa wima,
Ruphin


Kabambare, tarehe 14 Februari

Yaya Ruphin, kaka yangu, jambo.

Jenereta ikizimika inazima vyote, haichagui. Nilikutumia komunike nne kwa pamoja. Ya mbuzi ilifika, ya shule ilifika, ya Victoire ilifika. Ni jenereta gani hiyo inayomwacha mbuzi na kumla Mzee Assumani?

Marie, binti yake mkubwa, alikuja akasimama mlangoni pangu. «Mama Consolée, ulituma?» Nikasema nilituma. «Basi redio iliongea sana juu ya mbuzi, na baba iko anaingia udongoni?» Alikaa kwenye benchi langu muda mrefu. Hakulia. Alikuwa anaitazama tu ile sahani ya mtandao juu ya paa la parokia, kama mutu anayetazama mkono wa mwizi.

Kwa hiyo usinipe hadithi ya jenereta. Nieleze mikono yako ilifanya nini.

Mimi programu hii ya barua ninaijua kwa shida yake. Panya wa parokia walitafuna waya ya kipanya cha kompyuta (cheka tu, padri alicheka pia), na tangu hapo ninatembea kwa vitufe peke yake. Ile programu ni nyumba ya vyumba vitatu. Kushoto ni makabati, juu ni orodha ya barua zilizofika, chini ni barua yenyewe. Kitufe cha F6 kinakutoa chumba hiki kukupeleka kile. Na popote uliposimama, mstari mwembamba wa kijivu unazunguka mahali pale. Huo mstari ndio miguu yako. Ukiwa umesimama kwenye orodha na wewe unafikiri umefungua barua ya kuandika, ukianza kupiga vitufe haiandiki kitu. Kila herufi inakuwa amri. Herufi a inaichukua barua uliyosimama juu yake na kuitupa kwenye kabati la zamani, bila kuuliza, bila kelele.

Nenda ukaangalie kabati hilo. Halafu unijibu: kabla ya kuandika, huwa unautazama ule mstari?

Andika kirefu. Pacifique, mume wangu, bado iko machimboni Salamabila, anapanda mlima kutafuta mtandao wa simu siku akikumbuka. Chumba hiki mchana ni kirefu.

Consolée


Kasongo, tarehe 17 Februari

Mama Consolée,

Nilimkuta. Mzee Assumani alikuwa kwenye kabati la zamani, ametulia kama alivyokuwa akitulia uhai wake, na hakuwa peke yake. Alikuwa na harusi moja ya Salamabila, baiskeli mbili zilizoibwa, na mwaliko wa direkta kwenye mkutano ambao alinilaumu sana kwamba hakualikwa. Huo nimeurudisha polepole kwenye orodha. Kesho nitamwambia umefika umechelewa.

Sasa nimeelewa dhambi yangu. Siku ile nilipomaliza kuchapa barua zako tatu, sijaona kwamba iko ya nne, nilianza kukujibu papo hapo, mikono ikakimbia: «Mama Consolée, asante sana, nazipata zote.» Nikainua kichwa, hakuna kilichoandikwa. Nikasema mashini imechoka, nikaanza tena. Kumbe nilikuwa bado kwenye orodha, na kila a ilikuwa inambeba mutu. Aliyetengeneza programu hii, dada, lugha yake ina a chache. Angekuwa mutu wa huku kwetu Maniema angejua kwamba sisi tukisalimiana tu tumeshahamisha kijiji.

Ule mstari nimekusikia, nitautazama. Kioo changu ni cha zamani na vumbi la Kasongo unalijua. Lakini sasa ninapiga F6 mpaka ninahisi nimefika, ndipo ninaandika. Wewe lala salama.

Umeniambia niandike kirefu. Leo Fabrice amevaa shati jipya na anatembea ofisini kama maandamano. Jirani yangu ameuza bata wake wote, na asubuhi zimekuwa kimya kiasi kwamba ninaamka nikidhani nimekuwa kiziwi. Jumapili ofisi inafungwa. Baada ya misa nilipita mbele yake hata hivyo, nikaangalia kama kufuli ipo. Ilikuwapo. Nikarudi nyumbani.

Wako katika vumbi,
Ruphin


Kabambare, tarehe 19 Februari

Yaya,

«Ninahisi nimefika.» Mutu anayeona hahisi.

Nisamehe, nilikufanyia ujanja. Katika barua yangu ya tarehe 14, chini ya jina langu, niliongeza mstari mmoja kwa rangi ya kijivu, kijivu kile kile cha mstari wa programu. Niliuliza: «Yaya, leo umekula nini?» Umenijibu juu ya shati, juu ya bata, juu ya kufuli. Juu ya chakula, hakuna hata neno. Na wewe ndiye mutu uliyewahi kuniandikia ukurasa mzima juu ya samaki mmoja.

Ninakuuliza kama mdogo wako, usinikasirikie. Ni macho?

Kama ni macho, shika njia hii mpaka tupate nyingine. Usianze kuandika kamwe kutoka kwenye orodha. Bonyeza Ctrl pamoja na R. Dirisha jipya litafunguka kubwa, litafunika kila kitu, na humo utakuwa tayari umesimama mahali pa kuandika. Usipoona dirisha limefunika, toa mikono yako juu ya vitufe. Iweke hata mfukoni.

Na mwambie Direkta Alain. Si mutu mubaya. Mutu akificha kidonda, inzi ndio wanaomtangazia.

Consolée


Kasongo, tarehe 23 Februari

Mama Consolée,

Nilikula sombe ya majani ya muhogo na samaki mdogo. Sombe ilikuwa na mchanga kidogo. Ninakujibu ili mtihani wako usibaki na sifuri.

Ndiyo, ni macho. Nimekaa na neno hili siku kadhaa, sikujua linaandikwaje, na sasa naona linaandikwa kirahisi tu. Muganga alisema ni wale inzi wadogo wa mtoni wanaoleta upofu, wa utoto wangu. Wanauma leo, wanadai baadaye. Pembeni kumeanza kufunga, kama mutu anayevuta pazia pande mbili. Katikati ninaona. Herufi nyeusi nikizikuza ninasoma vizuri. Fabrice aliuliza mbona herufi zangu kubwa hivyo, nikamwambia redio kubwa, herufi kubwa. Lakini vitu vya kufifia, kijivu juu ya nyeupe, mawingu, mvi za watu, vimeniaga. Mshale wa kipanya sijauona tangu mwaka jana, ndiyo maana nilihamia vitufe na kumwambia kila mutu kwamba ni ufundi. Huo mstari wako unaonisifia, mimi sijawahi kukutana nao. Ninatembea katika nyumba ya vyumba vitatu, na aliyeijenga aliniwekea alama ya mlango kwa moshi.

Direkta sitamwambia. Unasema si mubaya, najua, na hapo ndipo shida ilipo. Atanihurumia. Atafanya karamu ndogo, atasema maneno mazuri, atanipandisha kwenye pikipiki ya Lusangi na zawadi ya shuka. Mubaya ningepigana naye.

Kwa hiyo ninakuomba, na sikuombi mara nyingi: neno hili likae Kabambare. Kwako na kwangu.

Ctrl na R nimeshazijaribu. Barua hii inatoka humo.

Ruphin


Kabambare, tarehe 25 Februari

Yaya Ruphin,

Sitasema.

Lakini utajifunza, na kwa haraka. Kila siku utaniandikia barua moja kwa vitufe tu, hata kama ni ya mistari mitatu. Kesho: kuingia kwenye kabati la zamani na kurudi. Keshokutwa: kufuta kisha kurudisha ulichofuta, kwa Ctrl na Z. Usiniambie umechoka. Mimi ndiye mwenye kuchoka.

Consolée


Kasongo, tarehe 20 Machi

Mwalimu wangu mkali,

Leo nina haki ya kujisifu, basi kaa vizuri unisikilize. Tangu mwezi wa pili uishe haijapotea komunike hata moja ya Kabambare. Vilio vyote vimesomwa, harusi zote, hata yule bwana anayemtafuta mkewe kila wiki kwa maneno yale yale. Direkta amepita mezani akanigonga bega: «Papa Ruphin, naona umerudi.» Fabrice amepeleka shati lake kutembea mahali pengine. Ninakushukuru wewe, na kidogo, unisamehe, ninajishukuru mimi mwenyewe.

Iko jambo moja dogo la kuwaambia watu wako. Mbona wamekuwa wa kujirudiarudia? Kila komunike inafika asubuhi, na jua likisimama inafika tena, neno kwa neno. Au ni ile sahani yenu imepata kigugumizi? Siku nyingine ninaona ya mchana peke yake, ya asubuhi siioni, nadhani hapo kigugumizi kilikuwa kimepona. Mimi ninachapa moja tu, nyingine ninaipuuza kwa adabu. Usihangaike.

Zile barua zako za kila siku zimenizoesha vibaya. Saa ya kuzisubiri ninajikuta nimenyoa ndevu. Kwa nani, sijui. Kwa kioo chenye vumbi. Mvua zikipungua na barabara ikikauka, nimewaza nipande pikipiki nije Kabambare siku moja, nikae kwenye lile benchi lako, unionyeshe panya. Nikifika utanitambua kwa kuwa nitaisalimia nguzo kwanza.

Mwanafunzi wako mzee,
Ruphin


Kasongo, tarehe 4 Aprili

Bibi Consolée,

Leo Direkta Alain alifunga mlango, akaketi karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya wodi ya hospitali: «Papa, macho yako yalianza lini?»

Mutu aliyejua alikuwa mmoja.

R.


Kabambare, tarehe 5 Aprili

Yaya Ruphin,

Ni mimi. Nilimpigia simu. Nigombeze upendavyo, lakini soma mpaka mwisho kwanza.

Sahani yetu haina kigugumizi. Ni mimi niliyekuwa ninatuma kila komunike mara mbili, asubuhi na mchana, tangu uliponiambia juu ya macho. Nilijua utameza, na nilitaka ukimeza moja ibaki nyingine. Zile siku ulizoona ya mchana peke yake, ya asubuhi nenda ukaitafute kwenye kabati la zamani. Utazikuta. Umekuwa hodari kuliko zamani, sikatai, lakini mikono yako bado inakimbia ukifurahi. Barua ya tarehe 20 Machi nilipoisoma nilicheka, kisha nikafunga mlango wa chumba.

Kwa hiyo ungeendelea hivyo, na mimi ningeendelea hivyo, hata miaka. Sikuona ubaya wake. Lakini mimi ninaondoka. Pacifique amejenga chumba Salamabila na ametuma mutu wa pikipiki, Jumatatu ninapanda. Nilijua tangu mwezi wa pili, ndiyo maana nilikukimbiza kama mutoto wa mtihani. Sikukuambia, kwa sababu ningekuambia ungeanza kuniandikia barua za kuagana, na mimi nilitaka zile za bata.

Mahali pangu anakaa Laura, msichana mwenye akili. Nilimwambia: kila komunike ya Kasongo, tuma mara mbili. Akauliza: «Kwa nini, mama?» Nikafungua mdomo, sikuwa na neno ambalo si uongo wala si siri yako. Siku mbili nililiwaza. Asipotuma mara mbili, kilio kingine kitapotea, na Marie mwingine atakuja kusimama kwenye mlango wa mutu asiyejua kitu, na wewe utapelekwa Lusangi kama mzembe. Nikaona afadhali uniite msaliti ukiwa kwenye meza yako.

Sikumwambia direkta kwamba huoni. Nilimwambia ule mstari hauonekani. Nilimwambia katika mashini mna mahali pa kuunenepesha na kuupaka rangi, na mimi huku siwezi kuufikia mkono wako. Nilimwambia atafute fundi kabla hajatafuta shuka.

Kule ninakokwenda hakuna kompyuta, na sahani hakuna. Redio yenu inashikika siku anga likiwa safi, Pacifique amesema.

Nitapita hapa Jumatatu asubuhi kabla ya kupanda. Nitaangalia kama umeandika.

Mdogo wako,
Consolée


Kasongo, tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu Consolée,

Nimechelewa. Nilinuna. Mutu wa umri wangu akinuna hajui namna ya kuacha, anangoja aje mutu amwondolee, kama ndoo kichwani. Barua yako nimekaa nayo tangu Ijumaa bila kuijibu, nikijiambia acha na yeye angoje kidogo.

Nisikilize sasa. Direkta hakuleta shuka. Alimleta Bwana Héritier, fundi, ambaye aliketi kwenye mashini yangu kwa muda wa kunywa chai, akasema: «Papa, kumbe ulikuwa unatembea gizani namna hii? Mimi na macho yangu mazima mstari huu ninautafuta.» Akaunenepesha. Akaupaka njano, njano ya embe iliyoiva, na pande zote akauwekea weusi. Akasema: «Bonyeza.» Nikabonyeza F6. Consolée, mstari uliruka! Ulikuwa kushoto, ukaruka juu ya orodha, ukaruka chini kwenye barua. Nilibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Fabrice aliyekuwa mlangoni akasema: «Papa anacheza.» Ni kweli, nilikuwa ninacheza.

Kisha direkta akasema: «Sasa nionyeshe.» Nikajua hapa ndipo penye mtihani. Ziliingia barua nyingi, za Lusangi, za Nyangwe, na za Laura wako, mara moja moja tu. Wote wawili, direkta na fundi, walisimama nyuma yangu. Nilifungua, nikachapa, nikajibu, nikafunga. Mara moja mikono ilitaka kukimbia, na kabla ya a ya kwanza niliona ile njano iko juu ya orodha, si mahali pa kuandika. Nikaitoa mikono. Niliiweka mfukoni kweli. Direkta akauliza: «Kuna nini?» Nikasema: «Hakuna kitu, bwana direkta. Niliona.»

Meza ni yangu. Ameandika hivyo kwenye ubao, ili Fabrice naye asome.

Kwenye kabati la zamani nilikwenda pia. Nilizikuta zile zako za asubuhi. Sikuzihesabu. Nilifungua moja, nikafungua nyingine, kisha nikazima mashini nikaenda nje kusimama kidogo.

Sikukuita msaliti kwa mdomo, lakini barua ile ya tarehe 4 ilisema hivyo, na ninaomba uitupe. Nilitaka kusema mengi, ila sasa nakumbuka jana ilikuwa Jumatatu. Labda pikipiki iliharibika. Pikipiki za Salamabila huharibika sana. Labda bado uko.

Kaka yako,
Ruphin


Kabambare, tarehe 10 Aprili

Papa Ruphin, shikamoo kutoka kwa Laura, niliyechukua kazi hii.

Barua yako imefika. Mama Consolée hayupo. Jumatatu alikuja mapema sana, mizigo ikiwa tayari imefungwa kwenye pikipiki. Aliniomba nifungue mashini nimwangalilie kama iko barua ya Kasongo. Haikuwapo. Akasema nifungue tena, kwa sababu siku nyingine zinachelewa kushuka. Nikafungua tena. Mwenye pikipiki alikuwa anapiga honi. Akaniambia: «Basi, atakuwa na kazi nyingi.» Akaenda.

Nimechapa barua yako kwenye karatasi. Akipatikana mutu wa kwenda Salamabila nitampa, lakini kwa sasa njia si nzuri, watu wanangoja.

Kwa heshima,
Laura


Kasongo, tarehe 13 Aprili

Binti yangu Laura,

Asante kwa kunieleza yote. Ile ya honi ungeweza kuiacha, lakini asante.

Kwanza kazi. Komunike zako ninazipata, tuma mara moja moja tu. Ukiandika kichwa cha habari usipake rangi, acha nyeusi. Mimi si mutu wa rangi za kufifia. Ukiwa na swali lolote juu ya programu hii niulize, nilifundishwa na mutu mkali.

Pili, nakueleza nilichofanya, ili ukisikia watu wanasema Papa Ruphin wa redio amezeeka vibaya, ujue kilianzia wapi. Leo anga limekuwa safi. Niliandika komunike mwenyewe. Nilitaka kuweka ndani yake mambo mengi, lakini redio ni ya watu wote, na iko familia inayongoja kilio chake kisomwe baada yangu. Fabrice aliipokea, akaisoma kimya kwanza, akanitazama. Nilidhani atanichokoza. Akasema tu: «Papa, nitaisoma polepole.» Na aliisoma hivi:

«Bwana Ruphin, wa meza ya komunike hapa Kasongo, anamjulisha Mama Consolée, aliyekuwa wa posti ya Kabambare na sasa iko Salamabila, kwamba barua yake ya tarehe tano Aprili ilifika siku ile ile. Jibu lilichelewa kwa kosa la mwandishi, si la mashini. Anamjulisha kwamba bado iko kwenye kazi yake, na kwamba mstari anauona. Mwenye kumfahamu mama huyo, aliyesikia, ampe habari.»

Basi. Ikafuata ya kilio.

Kama hewa ilifika Salamabila, sijui. Kama alikuwa karibu na redio, au alikuwa kisimani, sijui. Redio inakwenda tu, binti, hairudi na kitu. Miaka yote hii nimewasomeshea watu habari zao na sikuwahi kuwaza kwamba anayetuma anabaki hivi, mikono juu ya magoti.

Nilirudi mezani. Nikabonyeza F6 mpaka kwenye orodha, nikapanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo barua mpya hukaa. Ile njano imesimama pale, nene, naiona hata nikiwa mbali na kioo. Inazunguka barua yako wewe, maana ndiyo iliyofika mwisho. Nimeiacha hapo, ingoje.

Papa Ruphin